Aliyerarua Mivukuto ya Mhunzi

Mhunzi wa kijiji cha Mogitu, anayewafulia watu mikuki ya kulindia mifugo, si mtu wa maneno. Kila akimaliza kazi huipaka mivukuto yake ya ngozi ya kuvuvia moto mafuta ya kondoo, taratibu, kwa viganja vyake vyeusi vilivyopasuka, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuoga. Asubuhi moja mivukuto ilikutwa imeraruliwa vibaya, na kibanda chake kikajaa majirani, kila mmoja hakimu.

"Ni wezi wa ng'ombe. Hawataki tuwe na mikuki!"

"Wezi gani? Si Onesphory aligombana na mhunzi juzi baada ya kunyimwa mkuki?"

Fabiola, mama yake Onesphory, alikuwa amesimama palepale. Akajiziba mdomo kwa kanga. Mhunzi alichuchumaa, akaokota kipande cha ngozi, akakinusa, akapitisha kidole kwenye matundu ya meno, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Fisi! Amefuata mafuta yangu, mshenzi huyu. Haya, nendeni mkamkamate."

Fabiola alishusha pumzi ndefu, akacheka huku anafuta machozi kwa kanga.

"Mama Onesphory," mhunzi akamwita, akijipangusa viganja, "mwambie kijana aje achukue mkuki wake. Kazi ya mkuki imeshapatikana: fisi."