Polishi ya Gari Sakafuni

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kila ninapotia udhu, na kila nikiikumbuka uso hunishuka. Ni siku ya hitima ya baba mkwe wangu, hapa hapa Nguvumali, nilipokuwa bi harusi wa juzi mwenye kiburi kuliko akili. Shule mimi sikufika mbali, kwa hiyo nitayasema kama yalivyokuwa. Atakayetaka maneno ya kupamba akayatafute kwingine.

Mume wangu, yaani babu yenu, alikuwa dereva wa teksi. Gari lilikuwa la tajiri, lakini ungemwona anavyolifuta ungedhani kalizaa. Duka la mtaani kwetu liliuza vya gari na vya nyumbani bila kuvitenga: kopo la grisi ubavuni mwa mafuta ya nazi, viraka vya mipira ya magurudumu juu ya tambi za kandili, sabuni za mche na bluu ya nguo zikinukia oili. Huko ndiko nilikoliona kopo la polishi lenye picha ya gari jekundu, linang'aa hata mawingu yanaonekana juu ya boneti.

Nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, wakati majirani wengi bado walikuwa na udongo. Wala hilo halikunitosha. Jirani yangu Bi Zuhura alikuwa kanunuliwa stovu ya pampu, akatuita tuione inavyowashwa, utadhani anachinja ngamia. Roho iliniuma. Nikasema kinachong'arisha bati la gari kitashindwaje na saruji? Nikalinunua kopo lile. Muuza duka akaniuliza, "Mumeo kakutuma?" Nikajibu ndiyo, na hakuwa kanituma.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, tulikuwa tukikaa naye. Mwanamke mfupi, mkavu, mwepesi wa miguu, anakwenda kukata ukindu mwenyewe na kusuka mikeka ambayo watu walitoka mbali kuifuata. Ukumbi wetu wote ulitandikwa kazi ya mikono yake. Asubuhi ya hitima nikaikunja mikeka yote, nikaisukumia mvunguni, nikapiga magoti na matambara na lile kopo. Nilipomaliza nikauona uso wangu chini. Na wenyewe ukanipendeza. Nikaenda kuazima viti kwa watu, ili wanawake wasikae chini wakaifunika kazi yangu.

Bi Mwanaidi akaja akasimama mlangoni, akaigusa sakafu kwa kidole gumba cha mguu.

"Mikeka yangu iko wapi?"

"Mvunguni, mama. Leo watu waone sakafu."

"Watu wanakuja kusoma. Sakafu hawajaalikwa kuitazama. Tandika."

"Mama nawe! Mambo ya ukindu yamepitwa. Hizi ni zama za magari."

"Haya. Lakini gari lina breki, mke wa mwanangu. Mimi sina."

Akaenda zake jikoni. Nami nikacheka, mwanangu. Nilicheka.

Watu wakaja. Viatu wakaviacha mlangoni kama ilivyo ada yetu, wakaingia na miguu mikavu, wakapita salama. Wakasifu kweli. Bi Zuhura hakusifu, alikaza macho chini tu, na mimi nikashiba kabla ya pilau kupakuliwa. Jambo moja sikulifikiri, na mtoto mdogo wa nyumba za kwetu angelifikiri: alasiri ikiadhiniwa, watu watakwenda uani kutia udhu, na udhu humalizikia miguuni.

Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza siku zote. Akachota maji kwa kata, akatawadha, akaja ndani miguu inachuruzika, macho yake kwenye kibla. Hatua ya kwanza ilishika. Ya pili haikushika. Alianguka ubavu, na mlio niliousikia sitausimulia.

Wanawake wakamkimbilia. Bi Zuhura akaanza, "Jamani, sakafu hii..." Bi Mwanaidi, yuko pale pale chini, jasho linamtoka, akamkata kauli: "Nimekanyaga kanga yangu. Uzee huu."

Wote wakamwamini, maana hakuwa mtu wa kusema uongo. Nami nilikuwa nimesimama hapo, karibu kuliko wote, na hakuna aliyenikaba koo. Nikanyamaza.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu likavunjika la mkuu mwenyewe. Haya niambie wewe, methali hiyo niiweke wapi?

Alitoka hospitali na mkongojo. Nyonga aliyoivunja siku ile haikumrudia. Swala akawa anaswali ameketi kitini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea kile kiti. Babu yenu, kwa kuamini kuwa mama yake kazeeka, akamkataza kwenda uani peke yake, akamkataza kanga ndefu, akamkataza kabisa kufuata ukindu. "Mama, tulia sasa, umri umekwenda." Waliokuja kumtazama mgonjwa wakitikisa vichwa: "Uzee hauna dawa, mwenzangu." Mwanamke aliyekuwa akirudi na mzigo kichwani huku anaimba, akageuzwa mtoto wa kushikwa mkono nyumbani mwake, kwa neno alilolisema kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nampikia uji, najiona mkwe mwema.

Asubuhi moja nimempelekea uji huo, hakuupokea.

"Wewe unalala?" akaniuliza.

"Nalala, mama."

"Mimi silali. Siku ile nilikuwa na udhu, marehemu mume wangu anasomewa, nikafungua mdomo nikasema uongo. Nilikusitiri wasikuchambue mbele yangu. Nikasema moyoni, mzigo huu atakuja kuutua mwenyewe. Umeuacha kichwani mwangu, unaniletea uji."

Nikaanza kulia.

"Nyamaza. Machozi si maneno. Wote walionisikia siku ile wana milango. Nenda ukapige hodi."

"Na mume wangu je?"

"Anza naye."

Nilimkuta babu yenu anafuta gari. Nikamwambia yote, la kopo, la mikeka, la kucheka. Akasimama na tambara mkononi. "Muda wote huu namfungia mama yangu ndani kama kuku, na wewe unajua?" Hakunipiga wala hakunitukana. Aliliweka tambara juu ya boneti, akaingia ndani, na nikamsikia mwanamume mzima analia kwa mama yake. Mimi nikabaki nje na gari linang'aa.

Kisha nikaenda. Mwanangu, kutembea mtaa wako mwenyewe kujitangazia ubaya ni safari ndefu kuliko ya Pangani kwa miguu. Kila mlango hodi, shikamoo, halafu maneno yale yale: hakukanyaga kanga, alikanyaga polishi yangu, na aliniambia nitandike nikakataa. Bi Zuhura alishika mbavu. "Polishi ya gari! Na honi je, shoga? Ungemfungia na honi, tukamsikia anakuja!" Hapo hapo wakanibatiza Bi Polishi, na wako vikongwe wenzangu wananiita hivyo mpaka leo. Kicheko nilikivumilia. Kilichonikata ni bibi mmoja ambaye hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nami nilimwambia mwenzangu uzee hauna dawa," akafunga mlango taratibu.

Nikarudi nimechoka.

"Umewamaliza?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Nimewamaliza, mama."

"Wote?"

"Amebaki yule shangazi aliyekuja hitimani kutoka Muheza."

"Basi za Muheza zimekufa?"

Nikaenda Muheza.

Niliporudi aliniambia nimchotee maji. Nikadhani ya kunywa. Akanyoosha miguu yake, ule mzima na ule mbovu, akanionyesha kwa kidevu niimwagie, atie udhu. Hakusema nimekusamehe, wala sikuthubutu kumuuliza. Miaka yote iliyobaki nilimmwagia maji yale, na kila mara nilitazama chini.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaoonyeshana vitu kwenye simu na kuvifuata mjini hata kabla ya kuuliza ni vya nini. Mimi sikukatazi kununua. Sabuni nzuri ninunulie, jiko zuri niletee na mimi nitapika. Lakini kabla hujaleta kitu nyumbani, usiulize wageni watasemaje. Uliza wenye nyumba watatembeaje. Kitu kilichotengenezwa kwa gari hakijui kama una mama mzee. Wewe ndiye unayejua. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na ndani ni watu. Mkubwa akikuambia tandika, tandika kwanza, halafu ubishe ukiwa umekaa.

Na hili ndilo zito zaidi, mengine mkiyasahau mlishike hili. Ukikosa, mtu mwema anaweza kukufunika kwa neno lake. Usilale humo. Hilo neno ni mzigo wake, na kila siku unayonyamaza unamzidishia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nawaambia, heri hata kujikwaa ulimi kuliko kuukalia kimya wakati mwenzako anaumia.

Mungu awape nyumba zenye baraka na wazee wa kuwakemea. Awasitiri yeye mwenyewe kwa sitara yake, msije mkasitiriwa kwa dhambi ya mtu. Na mtakapokosa, maana mtakosa, awape miguu ya kwenda kupiga hodi jua likiwa bado linawaka. Amina.