Sare Niliyoitunga

Baba yangu alipomaliza kupofuka, hakulilia duka wala nyuso zetu. Alililia kriketi.

Macho yake yaliharibiwa na presha, la kushoto kwanza, kisha la kulia, na yote mawili yalikwenda kabla miaka miwili haijatimia. Duka lake la kanga pale Biashara Street aliwaachia binamu zake. Akapanda ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale, akakaa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, na ni nadra sana aliposhuka tena. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi nyumbani, nafundisha shule ya msingi kule Tononoka, basi tukawa sisi wawili tu.

Timu aliyoipenda ilikuwa ya nchi aliyotoka babu yake. Nchi yenyewe hakuwahi kuikanyaga, lakini kila mchezaji wa timu hiyo alimjua alivyosimama na alivyoshika gongo. Nilijaribu kumwekea matangazo ya sauti kwenye simu. Akasema wale watangazaji wanacheka mno, wanazungumza habari za chakula walichokula, na hakuna anayemwambia mpira umeangukia wapi. Simu yangu ilikuwa pia na maandishi ya mchezo, mpira kwa mpira, kwa Kiingereza. Akataka hayo.

"Nisomee wewe," aliniambia. "Wewe huna la kuongeza."

Nikawa namsomea, huku nikiyageuza Kiswahili. Sikuwa najua kitu. Nikajifunza kwamba ile mechi kubwa huchukua siku tano, kwamba kila timu hupiga mara mbili, kwamba wapigaji kumi wakishatolewa zamu yao imekwisha. Nikajifunza pia kwamba timu iliyozidiwa kabisa bado yaweza kujiokoa, wapigaji wake wakikataa kutolewa mpaka siku ya tano iishe. Hapo inahesabiwa sare. Baba aliipenda sare ya namna hiyo kuliko ushindi. Ujanani alikuwa mpigaji wa kufungua, yule anayeingia wa kwanza, katika klabu moja ya hapa mjini, na kazi ya mpigaji wa kufungua, alivyonieleza, ni kusimama.

Mechi ninayoikumbuka ilichezwa wakati wa likizo ya shule. Baba alikuwa hali yake si nzuri. Miguu imevimba, akizungumza maneno matano anapumzika. Wiki iliyotangulia nilimpeleka hospitali, na daktari akanipa barua mkononi. Tulipofika nyumbani akaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia moyo umechoka kidogo, dawa zitausaidia. Barua haikusema hivyo. Nikaikunja, nikaitia mkobani.

Kwa siku nne timu yake ilikuwa ikididimizwa. Siku ya kwanza nahodha aliponyokwa na mpira wa kudaka, mpira mwepesi, na yule mpigaji wa wageni aliyesalimika akakaa uwanjani karibu siku mbili. Mtupaji wao mzuri wa mipira ya kuzunguka, ile inayopinda ikishagusa chini, walimwacha nje, wakachukua wa kasi mwingine. Baba alisikiliza yote ameuma midomo. Jioni ya siku ya nne wapigaji watatu walikuwa wameshatoka, saba wamebaki, na kushinda hakukuwa na njia. Njia ilikuwa moja, kusimama kutwa.

"Nahodha yupo bado?" akaniuliza.

"Yupo."

"Basi kesho atasimama."

Asubuhi ya siku ya tano mchezo ulianza saa moja kwa saa zetu. Nilimwekea chai na mahamri, hakugusa. Nikasoma. Ova ya pili tu, yaani mipira sita ya pili, mmoja akatoka. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Nusu saa baadaye mwingine. Nikamwambia pia, nikaona mkono wake unashika shuka. Kisha nikasoma mstari mmoja nikanyamaza. Nahodha ametolewa. Aliuacha mpira upite akidhani utakwenda kando, ukaingia moja kwa moja kwenye vile vijiti vitatu vya nyuma yake, ambavyo vikipigwa mpigaji ametoka.

"Vipi?" baba akauliza.

Nilimtazama. Shingo ilikuwa ikipiga, naona mshipa unavyoruka. Nikasema, "Ameuzuia."

"Kwa gongo lililonyooka?"

"Lililonyooka kabisa."

Nilikusudia mpira ule mmoja tu. Lakini uliofuata ulitaka jibu, na uliofuata huo nao. Wale wengine walikuwa wakianguka kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nikimtungia baba nahodha anayesimama. Nikampa mikimbio michache, si mingi, isije akashuku. Nikampa mpira uliompiga goti, akachechemea, akakataa kutoka. Kabla ya adhuhuri mechi ya kweli ilikuwa imekwisha, timu yake imeshindwa vibaya, nami bado nasoma kwenye kioo cha simu kisichokuwa na kitu.

Baba alikaa kitako. Alikula mahamri mawili, akataka na chai nyingine. Nilipotangaza kwamba mchezo umesimamishwa na ni sare, alinyoosha mikono yote miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti, na machozi yakamtoka katika yale macho yasiyoona. Kisha akalala usingizi mzito, usingizi ambao sikuwa nimemwona nao kwa miezi. Mimi nikaingia jikoni nikajiambia nimefanya jambo jema.

Baada ya alasiri nikasikia hodi, na hatua ngazini. Alikuwa rafiki yake, mwalimu wa madrasa aliyestaafu, wa jamaa za Mji wa Kale za tangu zamani. Ujanani alikuwa mtupaji wa mipira ya kuzunguka wa timu pinzani, na ugomvi wao wa uwanjani ndio uliowafanya marafiki. Nilitoka jikoni mbio nimlaki mlangoni. Nilichelewa. Ameshafika kitandani, ameshamshika baba mkono.

"Pole, bwana," alisema. "Wametuaibisha. Hata adhuhuri hatukufika."

Nikasimama pale na kitambaa cha sahani mkononi. Yule mzee akanitazama, akaona uso wangu, akaelewa, na hakujua pa kuyarudisha maneno yake.

Baba hakugeuka upande wangu. Alisema taratibu, "Nahodha alitoka vipi?"

"Bwana, tuyaache..."

"Nakuuliza alitoka vipi."

"Aliuacha mpira. Ukaingia vijitini."

"Mpira wa kuzunguka?"

"Wa kuzunguka. Kijana wao mpya. Alikuwa amemtupia mitano inayotoka nje, wa sita ukaingia ndani. Mimi mwenyewe ningalimfanyia hivyo hivyo."

"Ulinifanyia," baba alisema.

Wakaendelea mpaka karibu na magharibi. Baba alitaka kila mmoja, alivyotoka na alivyokosea. Sikupata kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu augue. Alisema mechi haikupotea siku ya tano, ilipotea pale nahodha alipoponyokwa na ule mpira. Rafiki yake akasema la, ilipotea kabla hata ya kuanza, walipomwacha nje mtupaji wa kuzunguka katika uwanja mkavu kama ule.

"Na mechi ya pili?" baba akauliza. "Wiki ijayo?"

"Watabadilisha wawili watatu. Nahodha hawatamgusa. Wamuonea haya."

"Basi watashindwa tena. Mtu hauoni mpira na hakuna wa kumwambia hauoni. Wote wamwambia yu sawa."

Mzee yule aliinamisha kichwa. Nilimletea chai, hakuinywa. Alipoaga, alinipitia mlangoni akaninong'oneza, "Nisamehe, mwanangu, sikujua." Nikamwambia, "Hukukosa kitu, ami."

Tukabaki wawili. Nje watu walikuwa wakienda msikitini. Nikasema, "Baba, nilitaka upumzike."

"Nilimshukuru Mungu," alisema. "Umenifanya nimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikuwa. Mbele yako nimelia."

Nikainua kikombe cha mgeni, chai bado imejaa.

"Na ile barua?" akasema. "Ya daktari. Uliisoma vivyo hivyo?"

Ningeweza kusema uongo tena. Sauti yangu ilikuwa imeshazoea. Nikaenda kuuchukua mkoba. Barua ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nikaketi kitandani pale alipokuwa amekaa rafiki yake, nikamsomea mstari kwa mstari, nikiyageuza Kiswahili kama kawaida. Kwamba moyo umepanuka na hausukumi. Kwamba maji yameingia mapafuni. Kwamba hakuna upasuaji utakaomfaa, na kilichobaki ni kumpunguzia taabu. Kwamba jamaa wajiandae kwa muda wa miezi, huenda ukawa mfupi zaidi.

"Rudia hapo pa mwisho."

Nikarudia.

"Siku ngapi umekuwa nayo?"

"Tisa."

"Siku tisa nimekuwa nikiulizia mwaka ujao," alisema. Ilikuwa kweli. Alikuwa akizungumza habari za kwenda Malindi kumzuru dada yake mambo yakipoa. Akaniomba nimtilie maji ya udhu, akaniambia nifunge mlango.

Mechi ya pili hakunitaka. Alimtumia salamu rafiki yake, na kila asubuhi mzee yule alipanda ngazi akihema, akavaa miwani, akasoma kwenye simu aliyopewa na mkwewe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alisoma mpira mmoja wakati uwanjani wameshatupa minne, na kila mara alikosea upande wa kulia na kushoto. Baba alimsahihisha kwa subira. Mimi nilisikiliza nikiwa jikoni nimesimama, samaki wakiungua. Nahodha alibaki kuwa nahodha, na mara zote mbili akatoka mapema. Walishindwa siku ya tatu. Baba alipoambiwa akasema tu, "Ndivyo," akageukia ukutani.

Baada ya hapo alizungumza nami mambo ya lazima. Maji. Dawa. Dirisha. Shule zilifunguliwa, nikaomba ruhusa, nikapewa. Alimwita dada yake kutoka Malindi akamuaga kwa maneno yaliyonyooka, mbele yangu. Akawaita na wale binamu, akaombana nao radhi. Mimi hakuniita. Nilikuwa pale pale, lakini hakuniita. Nikimlisha kijiko, anafungua kinywa kama anayefunguliwa na mtu asiyemjua.

Jumanne moja, saa nne hivi za asubuhi, nilikuwa nikibadilisha shuka. Hakuweza tena kujigeuza mwenyewe. Nilikuwa nimemwegemeza begani kwangu. Ghafla akaniita. Si kwa jina, alisema "mama," alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo.

"Labeka, baba."

"Nanuka?"

Nilivuta pumzi. Mgongoni alikuwa na kidonda ambacho nilikuwa nikikisafisha mara tatu kwa siku, na kila aliyeingia chumbani alishika pua akidhani simuoni. Nilijua namna kumi za kumjibu.

"Wanuka, baba."

"Sana?"

"Tangu Ijumaa, sana."

Kisha akaachia uzito wake wote begani kwangu, kichwa, mabega, mpaka nikalazimika kujishikilia kwenye mchago wa kitanda.

"Basi nioshe," alisema. "Ukimaliza uniambie kama bado."

Nikachemsha maji, nikayapoza, nikatia matone ya marashi. Nikaanzia usoni. Nilipomaliza nikamwambia harufu bado ipo, ila imepungua. Akaitikia kwa kichwa. Alifariki Alhamisi, kabla ya alfajiri kuadhiniwa, nikiwa nimelala sakafuni kando ya kitanda chake. Sikusikia alipokwenda.