Kibanio cha Shemeji Hamadi

Leo nimeshinda ubishi mbele za watu, na tangu hapo chakula hakipiti.

Shemeji yangu Hamadi amealikwa Marekani na mwanawe Yahya, wakawinde bata mzinga wa mwituni. Miaka minane hawajaonana.

Tukaenda mjini, huku ughaibuni tunakoishi, kwenye duka la bunduki kununua kibanio, kile kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili marisau, zile punje za risasi, yasitawanyike.

Hamadi akachagua kilicho wazi kuliko vyote, kisichobana sana.

Mnanijua. Nilikuwa nimeshasoma vitabu vitatu kwa ajili ya siku hii!

"Shemeji," nikamwambia kwa Kiingereza, wote wasikie, "hicho ni cha ndege wa karibu. Bata mzinga anapigwa kichwani, kwa mbali. Chukua kinachobana!"

"Hiki kinanitosha."

"Kinakutosha kuwatisha!"

Muuzaji akacheka, akaniunga mkono. Wateja nao wakacheka. Nikazidi kupaza sauti.

Hamadi akaninong'oneza kwa Kiswahili, muuzaji asielewe:

"Bwana we, kichwa cha ndege sikioni tena. Nataka yatawanyike, huenda moja likampata."

 

Asiyeona hashiki bunduki, na yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Akakirudisha kibanio mezani mwenyewe, taratibu.

"Yahya umpigie simu wewe, umwambie siji," akasema. "Mimi nitalia."

Nyinyi wenye wazazi mbali, mngependa kuambiwaje?

Kituoni, tukirudi nyumbani, aliniuliza kama basi la kwetu Lozells linakuja.

Lilikuwa limesimama mbele yetu, mlango wazi.