Msichana Aliyerudi Kuipua Maharage

Mariette wa kijiji cha Kashojwa hatulii. Mpe kiti atakaa nusu yake, nusu nyingine ni safari. Alikimbia Kivu Kusini akiwa na miaka kumi na mmoja. Leo ana arobaini kasoro mmoja, shamba dogo hapo Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na mdomo ambao majirani huacha kazi zao waje kuusikiliza. Ila umkute mikono ina shughuli. Asipokuwa na maharage ya kumenya, hana hadithi.

Na hadithi yenyewe ni moja tu. Familia inakimbia vita, msichana anarudi nyumbani kuipua sufuria ya maharage iliyosahauliwa motoni. Njiani anakutana na chui anayeuza sabuni, daraja linalotaka kuimbiwa, askari wanaoogopa kuku. Kila Jumapili baada ya kanisa Mariette humwongezea kilima kingine.

"Ule binti hajafika tu?" jirani yake Eugénie humchokoza. "Maharagi itaungua!"

Watu hucheka, na hakuna anayeuliza zaidi.

Mwaka huu shirika dogo la vitabu mjini Mbarara lilimwita. Likampa chumba kwa wiki nzima, meza, karatasi na kimya. Sharti moja: Ijumaa hadithi iwe na mwisho, la sivyo haichapwi. Mariette alikitaka kitabu hicho kupita kiasi. Wanawe wanasoma kwa Kiingereza, na hadithi ya mdomoni, alijua, ingezikwa pamoja naye.

Jumatatu aliandika safari yote ya msichana. Jumanne aliutafuta mwisho, hakuuona. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Jumatano akawa kiguu na njia: sokoni, stendi, chumbani, sokoni tena. Chumba kile kilimtisha. Ndiyo, mtu mzima na watoto wake, anaogopa meza!

Alhamisi uvumilivu ulimwishia. Akanunua furushi la maharage yenye maganda, akaketi mlangoni na Ancilla, mama wa Kinyankole anayefagia ofisi, wakamenya pamoja. Hadithi ikatiririka yenyewe. Ancilla alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakunja uso.

"Lakini hiyo mama ni ya namna gani?" akauliza. "Anatuma mtoto peke yake kwa vita, sababu ya maharage? Mimi siwezi. Hiyo ni mama mbaya."

Damu ilimpanda Mariette kichwani.

"Hakutuma mutoto!" akafoka. "Alirudi ye mwenyewe! Alituacha kwa barabara, akasema atakuja mbio, juu tulikuwa na njaa. Ni mama yangu!"

Kashojwa hakuna aliyewahi kumuuliza, maana kule kila mtu ana swali lake asilotaka kuulizwa. Na yeye, miaka ishirini na minane, alimtembeza msichana wa kubuni kwa sababu msichana wa kubuni hachoki, na maadamu yuko njiani, hajafa. Aliona aibu. Akalia mbele ya mtu asiyemjua hata ukoo.

"Pole, nyabo," Ancilla akasema polepole, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Nimeongea vibaya. Mama aliitwa nani?"

"Nabintu."

Mchana uleule Mariette alirudi mezani. Kila palipoandikwa "msichana" akalikata neno hilo, akaandika "Nabintu". Basi ikawa ni Nabintu aliyegombana na chui juu ya bei ya sabuni, Nabintu aliyeliimbia daraja, Nabintu aliyewakimbiza askari kwa kuku. Mariette akajikuta anacheka peke yake, kwa kuwa mama angeyaweza hayo yote, na zaidi.

Ukurasa wa mwisho ulimshinda mpaka Ijumaa saa nne asubuhi. Alisimama, akaketi, akasimama. Mwishowe akauandika akiwa amesimama, ameinamia meza:

"Nabintu alirudi kuipua maharage. Tulimngoja barabarani. Watu wakasema twendeni, nasi tukaenda."