Ndara za Mpiga Kinanda

Habari ya kifo cha kaka yake ilimkuta Verlene jikoni, akimficha pai ya viazi vitamu. Kaka huyo, mpiga kinanda wa kanisa lao huko Mississippi, alikuwa na kisukari na kidonda cha unyayo kisichofunga. Kila Jumapili alikanyaga pedali kwa ndara, kisha akajibanza nyuma ya kanisa kuvuta sigara.

“Sukari na moshi ndivyo vinavyokilisha hicho kidonda, kaka!”

“Ayubu alikuwa vidonda tupu, dada, na hakuna aliyemnyima pai.”

Waumini walicheka. Verlene naye alicheka, Mungu amsamehe.

Siku ya maziko kiatu kilikataa kupita kwenye bandeji. Verlene akamvisha ndara, akamtoa sigara mfukoni, akambusu.

“Uendako hakuna moshi, kaka. Moshi uko kule kwingine.”

Wakafunika jeneza.