Hatukumwona Akishuka

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kila nikitaka kuisimulia naanzia mahali pasipouma, yaani kwenye vitumbua. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi, nauza vitumbua mlangoni pa banda la video hapa Ifakara, na mwenye banda, kwa jinsi alivyovipenda, aliniacha niingie bure nikishamaliza kuuza. Ndiyo maana nimetazama picha za ngumi kuliko wasichana wote niliopata nao kipaimara. Mama alijua akanyamaza, maana kaka yangu Deo alikuwa humo ndani na ndiye aliyetakiwa kunilinda. Kunilinda! Deo akishakaa mbele ya video, ungeweza kumbeba dada yake ukampandisha treni ya Mlimba na asingegeuza shingo.

Hiyo ni miaka ya tisini, ninyi hamjaanza kutembea na dunia nzima mfukoni. Mgeni mmoja wa Ulaya aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini alimaliza mkataba wake, akafungasha, akamwachia mpishi wake mfuko wa kanda za video. Mpishi akazileta bandani. Jumapili moja baada ya misa, mwenye banda akachomeka mojawapo kwenye deki, sisi tumejiweka tayari kwa ngumi. Badala yake tukaona uwanja wa saruji, umenyooka vizuri, watu wameuzunguka, na kijana mwembamba mwenye shati jekundu anaingia na ubao wenye magurudumu manne. Wenzangu wakazomea. Mtu mzima na kigari cha watoto! Kisha muziki ukaanza, na yule kijana naye akaanza, na waliokuwa wakizomea wakasogea mbele.

Sijui nikuelezeje. Hakuruka ukuta wala hakuteremka mlima. Alikuwa pale pale kwenye saruji tupu, na ubao ukazunguka miguuni mwake, ukasimama kwa ubavu naye akiwa juu yake, ukapinduka hewani ukarudi chini ya nyayo zake kana kwamba umefungwa kwa uzi. Mtangazaji alikuwa akipayuka kwa Kiingereza cha haraka. Mpishi, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, alisema huyo ni bingwa wa mabingwa, na wanaoshindana naye huwa wanagombea nafasi ya pili. Jina hakulishika, tukamwita Shati Jekundu. Mwishoni kabisa aliusukuma ubao uende, akaukimbilia, akasimama juu yake kwa mikono, miguu hewani, ubao unakwenda. Halafu akajisukuma kwa mikono, akaruka. Hapo picha ikaingia chenga, zile nukta nyeupe za kanda iliyochoka kwa kurudishwa, kidogo tu, kama mtu aliyepepesa macho, na zilipoondoka Shati Jekundu alikuwa amesimama, mikono juu, watu wote wamenyanyuka wanampigia makofi.

Nami nilipiga makofi hadi viganja vikawasha. Nilimpenda yule mtu, sioni haya kusema.

"Rudisha!" Deo akapiga kelele. "Rudisha pale anaporuka!"

Ikarudishwa. Tulimfanya mwenye banda airudishe Jumapili ile na iliyofuata na nyingine nyingi, na siku zote ni pale pale. "Jamani, mtaila hii kanda," alilalamika, na kweli tuliila. Nadhani hata yule mgeni alikuwa akipapenda mahali hapo, ndiyo maana chenga zilikuwepo tangu mwanzo. Sisi tukazizidisha. Kila Jumapili zilianza mapema zaidi na kuchelewa zaidi kuondoka, hadi ikawa tunamwona anajisukuma, kisha chenga tupu, kisha makofi.

Nilimuuliza Deo siku moja tukirudi nyumbani, "Hivi pale kwenye chenga anafanyaje?"

"Anapinduka, anatua kwa miguu juu ya ubao."

"Umeonaje?"

"Skola, wewe nawe! Bingwa yule angefanya nini kingine? Husikii makofi?"

Nikaona ana akili sana kaka yangu. Mimi pia niliyasikia makofi.

Sasa ujue, Deo alikuwa kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kazi yake kuanika. Nyuma ya mashine palikuwa na sakafu ya kuanikia, saruji laini, pana, na Ifakara nzima haikuwa na sakafu nyingine ya namna hiyo isipokuwa ya kanisa, ambako Padri angekufukuza. Jioni mpunga ukishazolewa kwenye magunia sakafu inabaki wazi. Deo alichonga ubao wa mninga, akaufunga beringi kuukuu za mashine, na jioni hizo akaanza kujifunza. Zile beringi zilinguruma hadi sokoni. Wazee walidhani mashine imeharibika.

Mama naye alikuwa mmoja wa wanawake walioruhusiwa kufagia sakafu ile jioni na kuchukua punje zilizobaki kwenye nyufa. Hakuwahi kuingia bandani, alisema kule ni kwa wahuni, lakini mwanawe alimtazama kila siku. Aliona punje moja tu ya mpunga ikiingia chini ya beringi, ubao unagoma hapo hapo, na Deo anakwenda kwa uso. Kuanzia siku aliyovunjika jino, Mama akawa anafagia mara mbili. Mara ya kwanza anafagia kwa ajili ya chungu, mara ya pili anafagia kwa ajili ya Deo. Bado namwona ameinama vile na ufagio wake wa chelewa, akikwangua nyufa kwa kidole.

Na Deo akaweza, mwanangu. Usidhani nakusimulia habari za mjinga. Miezi ilivyokwenda alizungusha, alipindua, alisimama kwa mikono ubao ukitembea. Ule mruko wa mwisho alikwenda kuufanyia nyuma kwenye rundo la pumba, maana pumba ni laini. Anakimbia, anajisukuma kwa mikono, anapinduka, anatua kwa miguu, pumba zimemfika magotini, anacheka na lile pengo lake. Lakini kwenye pumba ubao hauendi, kwa hiyo aliruka bila ubao. Hilo sote tuliliona, na hakuna aliyelisema.

Mavuno yalipoisha, mwenye mashine, mtu aliyependa kuona watu wamejaa kwake, akatangaza mashindano. Vijana wa Mang'ula nao walikuwa na mbao zao za beringi, watoto wa watu wa reli hao, wamejaa maringo. Zawadi ni beberu mmoja mkubwa. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka Mchombe, kutoka Idete, hata wasiojua kinachoshindaniwa. Mama alifagia sakafu ile asubuhi na mapema, akafagia tena, kisha akakaa pembeni na ufagio wake mapajani. Deo alivaa shati jekundu la kwaya.

Wale wa Mang'ula walicheza vizuri, siwezi kuwadhulumu. Kisha akaingia Deo. Wanawake waliokuja kumcheka wakajikuta wameshika vinywa. Mwalimu mmoja mzee alisimama juu ya gunia ili aone vizuri. Nilimtazama kaka yangu nikawa namwona yule wa kwenye kanda, kila kitu, hata namna ya kuinua kidevu, na moyo wangu ukajaa kiasi kwamba nilitamani dunia ikome hapo. Ningejua, ningeomba kweli. Akausukuma ubao, akaukimbilia, akasimama kwa mikono, miguu juu, na sote tukaanza kupiga makofi kabla ya wakati kwa sababu tulijua kinachofuata.

Alijisukuma. Ubao ukakimbia nyuma, mikono ikakosa cha kusukuma, naye akapinduka nusu tu. Alishukia shingo.

Makofi yaliendelea kidogo baada ya hapo. Waliokuwa nyuma hawakuona.

Siku ya tatu wenzake walikuja hospitali na yule beberu, wamemfunga kamba, wakasema mshindi ni Deo, hata wa Mang'ula wamekubali. Mama alitoka wodini akawakuta uani. Walimsalimia, "Shikamoo mama," hakuitikia, na mimi sijawahi kabla wala baada kumwona Mama akiacha shikamoo ya mtu. Aliniita niende nikasimame pamoja nao.

"Skola, na ninyi," alisema, "huyo mtu wenu wa kwenye video. Mlimwona akipanda?"

Tukasema ndiyo.

"Mlimwona akishuka?"

 Mmoja wetu akajikakamua kusema kwamba hapo kulikuwa na chenga, mama.

"Mimi sijui chenga," Mama akasema. "Mimi nimefagia sakafu miezi yote hii ili mwanangu asikwazwe na punje ya mpunga. Kumbe kuna kitu hamkukiona, mkajua hamkukiona, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia. Ningemuuliza Deo swali moja tu. Mmoja wenu angeniambia. Ondokeni na mbuzi wenu."

Alirudi ndani. Hakupaza sauti hata kidogo, na mimi hadi leo naisikia.

Deo hakufa. Alipooza kuanzia shingoni kushuka chini, akaishi miaka mingi, na miaka hiyo sikutakii wewe wala adui yako. Tulimgeuza, tulimwosha, tulitibu vidonda vya mgongoni vilivyofunga huku na kufunguka kule. Mama alisali hadi siku moja akaiweka rozari juu ya kabati, na sikumwona akiishika tena. Sitakudanganya kwamba tulizoea. Ila kuliko vidonda, kilichonimaliza ni aibu ya Deo. Jioni nikimlisha uji aliniambia, "Yule aliweza, Skola. Makofi uliyasikia mwenyewe. Mimi nilikosea wapi?" Nilimwambia labda ni beringi. Alitikisa kichwa, kitu pekee alichoweza kutikisa. Aliamini kwamba aliyekosa ni yeye, na ndivyo alivyokufa, akiona haya mbele ya mtu ambaye hata jina lake hakulijua.

Mama alimfuata mwaka uliofuata.

Simu hizi zenu zilikuja baadaye. Mwaka juzi kijana wangu wa mwisho aliniuliza kwa nini mjomba alipooza, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, naye akaanza kubonyeza simu yake, mashindano ya zamani ya mbao, hili si lenyewe, na hili je, mama? Nilikuwa nachambua mchele. Nikainua macho nikaona shati jekundu.

Nilimtazama tangu mwanzo, na uzee wangu huu moyo ukanienda mbio kama bandani. Bado ni bingwa. Sijaona mtu mwingine akicheza vile. Akausukuma ubao, akasimama kwa mikono, akajisukuma, na mara hii hapakuwa na chenga.

Hakupinduka. Alishuka tu. Aliteremsha mguu mmoja, akakanyaga saruji, akayumba, ubao ukamponyoka ukakimbilia kwa watazamaji. Alicheka. Mtu mmoja akamrudishia ubao wake, naye akainua mikono kuwashukuru, na watu wakasimama wakampigia makofi kwa yote aliyowachezea, maana alikuwa amemaliza.

Ni hivyo tu. Kijana wangu alisema, "Mama, mbona unalia, si hajaumia?"

Nilitoka nikaenda makaburini. Nilitaka kumwambia Deo kwamba hakushindwa na mtu, kwamba lile alilolijaribu hakuna aliyewahi kulifanya, hata Shati Jekundu mwenyewe.  Ningemwambia nani? Majani yalikuwa yamekua juu yake na juu ya Mama, nikayang'oa kwa mikono, nikarudi nyumbani na mchele wangu haujachambuliwa.

Kwa hiyo, mwanangu, nikikuona umeinamia simu yako unamtazama mtu anayeinua pikipiki kwa tairi moja, au anayetajirika kwa siku mbili, au chochote kile kinachokutoa udenda, sitakunyang'anya. Mimi mwenyewe nilipenda, na nikimwona tena leo nitapenda. Nakuomba kitu kimoja. Tafuta alivyoshuka. Usipomwona akishuka, usijijazie mwenyewe kwa sababu umesikia makofi, makofi hayasemi yanapigiwa nini. Sema hujaona. Liseme kwa sauti, mbele ya mtu wa nyumbani kwako, hata kama ni mama asiyejua hiyo video ni kitu gani, kwa sababu yeye ndiye anayefagia unapopita na yeye ndiye atakayekugeuza kitandani. Na ukimwona mwenzako anafanya mazoezi kwenye pumba, mwambie hapa siyo kwenye saruji. Atakukasirikia. Mwache akukasirikie akiwa amesimama.

Sina la kukufariji zaidi ya hapo, na usidhani kukusimulia kumenipunguzia kitu. Nenda, Mungu akubariki. Akupe cha kukipenda kama Deo alivyopenda, akuonyeshe njia ya kushuka kabla hujapanda, na jioni akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe.