Kura ya Sindano na Vidonge

Mwaka tulipohamia kijiji cha ujamaa, nguzo ya nyumba mpya iliniangukia mguuni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anahutubia, nikangoja amalize ndipo nikalia. Kidonda kilifunga, kisha miezi ikapita kikafunguka chenyewe, kikawa kinatoa usaha. Asubuhi moja kikatoa kipande cha mfupa.

Mama mkwe alikitazama. "Mwanangu, mifupa haitakiwi kutoka," akasema.

Hilo nililijua. Mume wangu akanipakia kwenye lori la pamba, tukatoka Sindeni kwenda hospitali ya Korogwe.

Daktari alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka masomoni. Alitueleza sote wenye mifupa iliyooza kwamba tutapasuliwa, mfupa uliokufa utolewe. Baada ya hapo wengine watapewa sindano, wengine vidonge, kwa kura, kwa sababu anafanya utafiti. Asiyetaka kuingia kwenye kura atatibiwa vilevile.

"Dawa ipi ni bora?" nikauliza.

"Sijui. Ndiyo maana natafiti."

Sikuwahi kumsikia msomi akisema hajui. Niliogopa kidogo, lakini nikakubali.

Nikapata vidonge. Wodi nzima ikanipa pole. Mama wa Kisambaa kitanda cha pili, muuza vyakula pale Mombo mwenye kidonda pajani, alipata sindano, akapewa hongera. Mume wangu alimfuata daktari.

"Daktari, mke wangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ni kura."

"Basi irudiwe."

"Ikirudiwa si kura tena."

Sindano zilipozidi, yule mama hakuweza tena kukaa. Akaninong'oneza, "Dada, tubadilishane vitanda." Muuguzi alimsikia. "Badilishaneni tu," akasema, "makalio nayajua." Tukacheka mpaka mishono ikauma. Yule mama alinifundisha kukaanga viazi visinywe mafuta, mimi nikamsimulia hotuba ya mwenyekiti, na hivyo tukawa ndugu.

Tuliruhusiwa pamoja. Mwaka uliofuata daktari alikuja kijijini kwetu na gari, akaubonyeza ugoko wangu kila mahali. Haukuuma.

"Umepona," akasema.

"Kwa hiyo vidonge ni bora?"

"Wewe umepona. Vidonge bado sijui."

Mume wangu aliondoka bila kuaga. Nikamuuliza daktari habari za mwenzangu. Akasema kidonda kilifunguka, akapasuliwa tena, na sasa goti halikunjiki. Nilimwuliza kama yangenipata mimi, iwapo kura ingegeuka. Akasema hilo pia hajui. Nilimkasirikia siku ile, ingawa alikuwa anasema kweli.

Baada ya mavuno nilipanda basi hadi Mombo. Nilimkuta yule mama kituoni, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele yake, abiria wanauruka kama gogo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya pole njia nzima, yakanipotea yote.

"Umepona?" akauliza.

"Nimepona."

"Alhamdulillahi." Akanitazama vizuri. "Sasa unalia nini? Menya viazi, basi la Lushoto linakuja."

Nikakaa chini, nikamenya.